Kutuliza au Kusafisha: Njia Mbili za Ayurveda na Namna ya Kuchagua

Mtu akishaamua kujaribu Ayurveda, tiba ya jadi ya India, iwe kwa daktari wa Kihindi aliye mjini kwake au kwa kufunga safari ya Kerala, jimbo la kusini mwa India, mapema sana atakutana na uchaguzi ambao wengi huupita bila kuuelewa. Atulizwe au asafishwe?

Kutuliza huitwa shamana. Kilichochafuka mwilini kinapozwa hapo hapo kilipo, kwa chakula, dawa za kunywa, mapumziko na mazoezi. Kusafisha huitwa shodhana, na wengi wanaifahamu kwa jina la panchakarma, yaani kazi tano. Hapo kilichochafuka kinatolewa nje: kwa kutapishwa, kwa haluli, kwa dawa inayopitishwa njia ya haja kubwa, kwa dawa ya puani, au kwa kutolewa damu. Mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji zote mbili kwa nyakati tofauti, lakini si jambo la kuchukulia kwamba ya pili ni ile ile ya kwanza iliyoongezwa nguvu.

Niseme wazi ninakosimama. Wengi wanaokimbilia kusafishwa wangetosheka kabisa na kutulizwa, na wachache wanaohitaji kusafishwa kweli mara nyingi huuziwa siku tatu za kukandwa mafuta zilizopewa jina kubwa. Sababu yake inaonekana ukifuata jinsi Ayurveda yenyewe inavyoeleza ugonjwa unavyojengeka.

Ugonjwa kabla haujapewa jina

Vitabu vikuu vya elimu hii ni Charaka Samhita, Sushruta Samhita na Ashtanga Hridayam, hiki cha mwisho kikiwa kazi ya Vagbhata wa yapata karne ya 7. Vyote vinauona mwili kupitia nguvu tatu zinazoitwa dosha. Vata ni mwendo: pumzi, haja, mishtuko ya neva, mawazo yanayokimbia. Pitta ni joto na mmeng'enyo. Kapha ni uzito, unyevu na uimara. Kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake, na afya ni dosha hizo kukaa katika kiwango chake yeye, si cha jirani yake. Aliyekulia pwani, kwenye nyumba ambamo vyakula vinagawanywa kuwa vya baridi na vya joto, hatapata tabu hapa. Tiba ya Kiyunani iliyopitia kwa Waarabu ikafika Lamu, Mombasa na Unguja inasimama juu ya fikra iliyo jamaa na hii, ingawa yenyewe inahesabu vitu vinne, damu ikiwemo.

Katikati ya yote upo moto wa tumbo, agni. Vitabu vinautaja kwa hali nne: uliotulia, unaoyumba kwa sababu ya vata, unaowaka kupita kiasi kwa sababu ya pitta, na uliofifia kwa sababu ya kapha. Moto ukififia, chakula hakiivi sawasawa tumboni, na mabaki yake mabichi yanayonata huitwa aama. Dalili zake Vagbhata amezitaja bila kuzunguka: uzito wa mwili, uvivu, tumbo kujaa gesi, mate mengi, choo kugoma, hamu ya chakula kupotea, uchovu usioeleweka umetoka wapi. Aama ikichanganyika na dosha iliyochafuka, njia za mwili zinaziba. Ikumbuke vizuri aama hii, maana ndiyo inayoamua mambo mengi katika uchaguzi wetu.

Chanzo cha kuchafuka huko kinatajwa kwa makundi matatu. Kuna kutumia milango ya fahamu vibaya, kwa kuzidisha, kupunguza au kupotosha. Kuna majira na umri, ambavyo hakuna awezaye kuvikwepa. Na kuna kosa la akili, yaani mtu kujua lililo jema kwake na kutenda kinyume: kuzuia haja, kukesha, kula kabla chakula cha mwanzo hakijashuka. Charaka analipa kundi hili uzito mkubwa, nami naona ana haki.

Kutoka hapo Sushruta anaonyesha ngazi sita. Kwanza dosha inajikusanya nyumbani kwake: vata kwenye utumbo mpana, pitta katikati ya tumbo, kapha sehemu ya juu, tumboni na kifuani. Mtu anahisi kujaa, au joto kidogo, au uzito, na mwili wenyewe unaanza kuchukia kilichouletea hali hiyo. Ngazi ya pili, dosha inachafuka: gesi inatembea na maumivu, au kiungulia na kiu, au kichefuchefu. Ya tatu, inafurika na kutoka nyumbani kwake. Ya nne, inatua mahali penye udhaifu, iwe goti lililowahi kuumia au mapafu ya mvuta sigara, na hapo dalili za awali zinajitokeza. Ya tano, ugonjwa unaonekana waziwazi na kupewa jina. Ya sita, unazaa matatizo mengine au unakuwa sugu.

Hospitali kwa kawaida hukutana na mtu katika ngazi ya tano. Ayurveda inadai kwamba ngazi tatu za mwanzo zinasikika kwa mwenye mwili akisikiliza, na kwamba huko tiba ni nyepesi. Hoja hii ndiyo inayonivuta zaidi katika elimu yote hii, kwa kuwa inampa mtu kazi ya kufanya kabla hajawa mgonjwa.

Dimbwi dogo na shamba lililofurika

Charaka ana mfano mmoja unaobeba uchaguzi wetu wote. Maji yakiwa kidogo, jua na upepo vinatosha kuyakausha. Ndivyo dosha kidogo inavyotibiwa kwa kufunga na kula chakula chepesi. Maji yakiwa ya kiasi, jua na upepo vinahitaji msaada wa kumwagiwa udongo na majivu. Ndivyo dosha ya wastani inavyotaka kufunga pamoja na dawa za kuivisha aama. Lakini shamba zima likifurika, hakuna njia ila kukata tuta maji yatoke. Hiyo ndiyo shodhana.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya panchakarma, swali ni dosha yako ni kiasi gani. Orodha ya dalili za mtu mwenye dosha nyingi imo katika sehemu ya kwanza ya Charaka: chakula kutoshuka, unene, ngozi kupauka, uzito wa mwili, vipele na muwasho, harufu mbaya, uchovu bila kazi, usingizi uliokimbia au uliozidi, ndoto mbaya, nguvu kupungua ingawa mtu anakula vizuri. Moja au mbili kati ya hizo kila mtu anazo. Zikiwa nyingi kwa pamoja, na kwa muda mrefu, ndipo tuta linapofikiriwa.

Kutuliza kunavyofanyika

Vagbhata anaitaja shamana kwa namna saba: kuwasha moto wa tumbo, kuivisha aama, kustahimili njaa, kustahimili kiu, mazoezi, kuota jua na kupata upepo. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba tano kati ya saba hazihitaji duka. Zile mbili za kwanza nazo huanzia jikoni. Dawa inayotumika sana kuamsha moto uliofifia ni trikatu, yaani tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu, vyote vikiwa vimesagwa. Chakula cha siku hizo ni mseto wa choroko na mchele uliopikwa laini, wenye bizari nyembamba na tangawizi, na mtu anakula akisikia njaa tu.

Kitabu cha Vagbhata kinafanya pia ulinganisho ambao sijaona mfupi na kamili kuliko huo. Kwa kila dosha kinataja dawa kuu ya kuitoa na dawa kuu ya kuituliza. Vata hutolewa kwa basti, dawa ya njia ya haja kubwa, na hutulizwa kwa mafuta ya ufuta. Pitta hutolewa kwa haluli, na hutulizwa kwa samli. Kapha hutolewa kwa kutapisha, na hutulizwa kwa asali. Upande mmoja unahitaji daktari, chumba na wasaidizi. Upande wa pili umo kabatini kwa mama yeyote wa nyumbani, kuanzia Kochi hadi Tanga.

Usahili huo usimfanye mtu kuudharau wala kuuendea bila akili. Asali hapewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na Ayurveda yenyewe inakataza asali iliyopashwa moto. Samli si kwa mwenye aama, kwa maana moto uliofifia hauwezi kuibeba. Mwenye vidonda vya tumbo akila trikatu anaongeza moto juu ya moto. Shamana inataka mtu ajue dosha gani imemchafukia, na hilo ndilo la kumlipia vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, hata kama atakupa ushauri wa chakula peke yake.

Udhaifu wa shamana Charaka hakuuficha. Dosha zilizotulizwa kwa kufunga na kuivisha, asema, huweza kuchafuka tena siku nyingine. Zilizotolewa kwa shodhana hazirudi. Wauzaji wa panchakarma hupenda maneno hayo. Mara chache hutaja kwamba kitabu hicho hicho kinamtaka mtu aache kilichomletea ugonjwa. Ukirudi kwenye kukesha na soda baada ya kusafishwa, unaanza kukusanya upya.

Kusafisha kunavyofanyika kweli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganywa.

Chukua haluli, ambayo katika mfumo huu ni virechana, kwa mtu mwenye pitta nyingi na ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu. Haianzi na haluli. Inaanza na siku chache za kuwasha moto na kuivisha aama. Mwenye aama mbichi iliyosambaa mwilini akisafishwa kabla haijaiva anaumizwa, na vitabu vinalionya jambo hilo kwa ukali. Kisha inakuja samli ya dawa, inayonywewa asubuhi tumbo likiwa tupu, kipimo kikipanda kila siku, kwa siku 3 hadi 7. Daktari anatazama ishara: ngozi kulainika, choo kuwa na mafuta, mgonjwa kuichukia samli kabisa. Zikitimia, samli inasimamishwa, na kwa siku 3 mtu anakandwa mafuta na kutolewa jasho kwa mvuke.

Lengo la maandalizi haya ni kurudisha nyumbani dosha zilizofurika. Kumbuka ngazi ya tatu na ya nne: dosha ilitoka tumboni ikaenda kutua kwenye ngozi au viungo. Mafuta yanailegeza, jasho linaiyeyusha, inarudi tumboni, na hapo inakuwa karibu na mlango wa kutokea. Bila maandalizi hayo haluli inatoa maji ya mwili na kuiacha dosha ilipo.

Siku yenyewe ya virechana mgonjwa hupewa dawa, mara nyingi mchanganyiko wenye mzizi wa trivrit, mmea wa kuharisha, au mafuta ya nyonyo, na safari zake za chooni zinahesabiwa: 30 ni usafisho mkubwa, 20 wa kati, 10 mdogo. Kwa kutapisha hesabu ni 8, 6 na 4. Baada ya hapo moto wa tumbo umekuwa dhaifu, kwa hiyo mtu harudi kwenye chakula chake. Anaanza na uji mwepesi wa mchele, kisha uji mzito, kisha supu ya choroko, na vitabu vinataja pia supu ya nyama kabla ya mlo wa kawaida. Hatua hizi huchukua siku 7 baada ya usafisho mkubwa, 5 baada ya wa kati, 3 baada ya mdogo.

Jumlisha mwenyewe. Ni kama wiki tatu kwa kazi moja tu kati ya tano. Anayekutangazia panchakarma kamili ya siku tatu kando ya bahari anakuuzia mapumziko na kukandwa, jambo zuri kwa mwili uliochoka, lakini tuta halijakatwa.

Basti inakwenda tofauti. Hutolewa kwa mfululizo wa mara 8 hadi 30, ikipokezana ya mafuta na ya maji ya dawa. Charaka anaieleza kuwa nusu ya tiba yote, na kwamba wapo wanaoiita tiba nzima. Kwa maumivu ya mgongo, kiuno na viungo, ndiyo ambayo madaktari wengi wa Kerala huishika. Kutoa damu ni kazi ya jadi ya Sushruta, kwa mikato, pembe au ruba, na msomaji anayejua kuumika ataona undugu. Nasya, ya puani, ni kwa magonjwa ya kichwa na shingo.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa upande wa nguvu za mgonjwa, tofauti ni kubwa kuliko pengine popote. Shamana inaweza kupimwa ikamfaa karibu kila mtu, hata mzee. Shodhana ina orodha ndefu ya wasiofaa, na Charaka ameitolea sura nzima. Wasiotapishwa ni pamoja na watoto, wazee, waja wazito, waliokonda sana, walionenepa kupita kiasi na wenye ugonjwa wa moyo. Tukiongeza tunayoyajua leo, mwenye ugonjwa wa figo, anayejidunga insulini, na anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini kwa ajili ya presha, hao wote wakiharishwa mara 20 wanaweza kupoteza maji na potasiamu hadi mapigo ya moyo yavurugike.

Kwa upande wa hatua ya ugonjwa, ngazi mbili za mwanzo kwa kawaida ni za shamana. Ukiamka mzito na ulimi umejaa utando, huhitaji kupanda ndege. Ugonjwa sugu wa ngazi ya tano kwa mtu mwenye nguvu ndio uwanja wa shodhana. Ngazi ya sita kwa mtu aliyekwisha dhoofu hurudi tena kwenye shamana, kwa sababu hana cha kulipia gharama ya kusafishwa. Hili la mwisho watu wengi hawalitarajii: familia humpeleka mgonjwa wao kwenye tiba nzito zaidi pale anapokuwa amechoka zaidi, na hapo ndipo kitabu kinaposema mpunguzieni.

Kwa upande wa majira, shamana haina ubaguzi mkubwa. Shodhana kwa mtu asiye mgonjwa sana hufuata kalenda: kutapisha kwa kapha majira ya kuchipua, haluli kwa pitta baada ya mvua, basti kwa vata wakati wa mvua. Kerala inauheshimu mwezi wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, mvua zikimwagika, watu wakinywa uji wa dawa na kupata tiba zao za mwaka. Kalenda hiyo imejengwa juu ya mvua za India. Anayetibiwa Dar es Salaam au Mombasa amuulize daktari wake anaisomaje kwa masika na vuli za kwetu, na asikubali kupangiwa mwezi kwa sababu tu ndivyo ilivyo Kerala.

Kwa upande wa fedha na nafasi, Charaka alilijua jambo hili kabla yetu. Katika sura ya 15 ya sehemu yake ya kwanza anaeleza jengo la kusafishia wagonjwa: lisilopigwa na upepo mkali wala moshi, lenye vyoo, jiko, bafu, wasaidizi wenye huruma, hata waimbaji. Kisha anakiri kwamba hayo ni ya mfalme na tajiri, na kwamba maskini akipatwa na ugonjwa unaodai kusafishwa atumie kinachopatikana. Naipenda sana sehemu hiyo. Inamzuia daktari kumwambia mgonjwa kwamba bila chumba cha kifahari hakuna tiba.

Kuna ugonjwa mmoja unaoonyesha jinsi njia hizi zinavyopokezana. Amavata, aama iliyotua kwenye viungo pamoja na vata, inafanana sana na baridi yabisi. Mpangilio wa tiba yake uliopokelewa tangu zamani ni kufunga, kutoa jasho, vyakula vichungu na vikali vya kuwasha moto, kisha haluli, samli na mafuta ya dawa, na basti. Shamana imetangulia, shodhana imefuata, na mafuta yanayoanza mapema mno yanalisha ugonjwa. Mgonjwa wa viungo anayelazwa siku ya kwanza na kumwagiwa mafuta ya moto, bila mtu kumtazama ulimi wala kumuuliza choo, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Ushahidi na hatari

Ninaipenda elimu hii, na kwa sababu hiyo sitaki mtu aumie kwa jina lake. Utafiti wenye vipimo vya kisasa bado ni mchache ukilinganisha na umri wa elimu yenyewe. Mmoja wa mfano ulifanyika Coimbatore, India, na kuchapishwa 2011: wagonjwa 43 wa baridi yabisi waligawanywa, wengine wakapewa tiba ya Ayurveda, wengine methotreksati, dawa ya hospitali ya ugonjwa huo, wengine zote mbili. Matokeo hayakupishana sana, lakini idadi ilikuwa ndogo, na wenyewe waliuita wa majaribio. Haumruhusu mtu kuacha dawa zake za hospitali.

Hatari za shodhana zinaonekana siku ile ile: kuishiwa maji, kuzimia, tumbo kukatika. Hatari za shamana hujificha. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini, zebaki ikiwemo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima dawa 70 zilizonunuliwa eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti zilipimwa, na karibu moja kwa kila tano zilikuwa na madini hayo. Mimea mitupu nayo ina yake. Wakati wa Korona madaktari wa Mumbai waliandika juu ya wagonjwa walioumia ini baada ya kunywa giloy, mmea wa dawa wa Ayurveda, ingawa wizara ya tiba asilia ya India ilipinga hitimisho lao. Mzizi mtamu wa mulethi ukitumiwa kwa muda mrefu unapandisha presha.

Kwa hiyo tulizo la jikoni na tulizo la chupa isiyo na maelezo si kitu kimoja. Chukua dawa yenye orodha kamili ya viungo na jina la mtengenezaji anayeweza kupatikana, mwonyeshe daktari wako wa hospitali, na epuka dawa yoyote yenye neno rasa au bhasma kwenye jina lake, maneno yanayoashiria dawa za madini, kama hujaandikiwa na aliyesomea, na hasa kwa mjamzito na mtoto.

Yapo pia yasiyosubiri uchaguzi huu. Homa katika nchi zetu ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, kutapika damu, kikohozi cha wiki mbili, uvimbe unaokua: hayo ni ya hospitali kwanza, na Ayurveda inaweza kuja baadaye kusaidia chakula na usingizi.

Nani achukue ipi

Kama tatizo lako ni tumbo kujaa, usingizi wa kuvunjika, uzito wa asubuhi au mafua yasiyokwisha, na halijamaliza miezi mingi, chukua shamana. Toa chanzo kwanza: mlo wa usiku wa manane, kukaa na njaa mchana kutwa kisha kula kwa fujo, simu kitandani. Wiki chache za mseto, maji ya uvuguvugu na tangawizi zitakuonyesha kama moto umeamka. Njaa ya kweli ikirudi na choo kikaja kwa wakati wake, umefika.

Kama unatumia dawa za kudumu, una umri mkubwa, una mimba au unanyonyesha, chukua shamana, na uichukue chini ya macho ya madaktari wawili wanaojuana.

Kama una ugonjwa sugu wa ngozi, viungo au tumbo, mwili wako bado una nguvu, hospitali imeshakuchunguza na kukuambia ni nini, na unaweza kutoa wiki tatu au zaidi, shodhana inastahili kufikiriwa. India inatoa shahada ya udaktari wa Ayurveda, BAMS, ya miaka mitano na nusu pamoja na mazoezi ya kazi, na juu yake upo ubobezi wa panchakarma. Tangu 2023 ipo pia viza maalumu ya Ayush, yaani ya tiba za jadi za India, kwa wageni wanaokwenda kutibiwa. Hospitali za Ayurveda huweza kuthibitishwa na NABH, bodi ya India ya ubora wa hospitali, na ndani ya Kerala serikali hupanga vituo kwa madaraja. Arya Vaidya Sala ya Kottakkal, iliyoanzishwa 1902, ni hospitali kwanza kabla ya kuwa mahali pa watalii, na inakupa kipimo cha kulinganisha na vingine unavyotajiwa.

Kabla ya kulipa popote, muulize daktari maswali haya na usikie anavyojibu: Dosha gani, na iko ngazi gani? Nina aama sasa hivi, na itaiva kwa siku ngapi kabla hujanigusa? Utanipa samli kwa kipimo gani na utajuaje imetosha? Nikiharishwa kupita kiasi usiku, nani yupo, na hospitali ya dharura iko umbali gani? Dawa zangu za presha zitapunguzwa au zitabaki, na nani atakayeamua? Anayejibu haya kwa utulivu, huku akikutazama ulimi na kukushika mapigo, anajua kazi. Anayekwambia kila mgeni hupata mpango uleule, mshukuru, uondoke.

Na ukikata tiketi, usipange kurudi kesho yake baada ya haluli. Ziache siku za uji ndani ya ratiba, zote hadi 7, karibu na aliyekutibu, kwa kuwa chakula cha ndege na karamu ya kukupokea nyumbani ndivyo vinavyoharibu kazi ya wiki tatu kwa siku moja.